Kujifunza Kirusi Baada ya Hatua ya Kwanza: Kazi ya Darasa la Pamoja na Msaada wa Sarufi ya Kiswahili

Madhumuni ya makala haya ni kulieleza jambo moja katika ufundishaji wa lugha ya Kirusi, nalo ni hatua ile inayofuata baada ya mwanafunzi kukimaliza kitabu cha kwanza. Mwanafunzi tunayemfikiria ni mtu ambaye Kiswahili ni lugha yake, au ni lugha aliyosomea tangu utoto; naye hajifunzi peke yake na mwalimu, bali yumo katika darasa la watu wanane au kumi. Hatua ya kwanza ina furaha yake. Herufi 33 zilizokuwa fumbo husomeka baada ya wiki chache, salamu huitikiwa, mkate hununuliwa, na kila siku mwanafunzi huona alichokipata. Hatua ya pili haina furaha hiyo. Mwanafunzi hufanya kazi ile ile, au zaidi, na asione kuwa amesogea. Wengi huishia hapo, si kwa uvivu, bali kwa sababu hawajaelezwa kwamba kazi yenyewe imebadilika.

Jambo hili si la mazungumzo matupu kwa watu wa Afrika ya Mashariki. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa Moscow mwaka 1960, na mwaka 1961 kikapewa jina la Patrice Lumumba. Jina hilo liliondolewa mwaka 1992, likarudishwa mwaka 2023. Tangu miaka hiyo ya 1960 vijana wa nchi zetu wamekwenda kusoma uganga, uhandisi, sheria na kilimo katika chuo hicho na katika vyuo vingine vya huko, na kwa desturi masomo yao hutanguliwa na mwaka mmoja wa matayarisho ya lugha. Mwaka huo ukiisha, mwanafunzi huingia katika ukumbi ambamo mhadhiri hamngojei mtu. Kwa hiyo hatua ya pili ndiyo inayoamua kama mwaka wa matayarisho ulikuwa na faida au haukuwa nayo. Wataalamu wa Urusi nao wamekishughulikia Kiswahili kwa upande wao: kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyohaririwa na D. A. Olderogge ilichapishwa Moscow mwaka 1961, na nyingine, kazi ya Gromova, Myachina na Petrenko, ilitoka mwaka 2012. Kamusi ni msaada mkubwa, lakini kamusi hutoa neno tu; haimfundishi mtu wakati gani alichague neno hilo na kuliacha jenziye. Na kuchagua, kama tutakavyoona, ndiyo kazi yote ya hatua ya pili.

Kabla ya kuendelea, yafaa kutaja kwamba maneno ya Kirusi yameandikwa hapa kwa herufi za Kilatini. Herufi “kh” isomwe kama walivyoitamka wazee wa pwani katika neno “kheri”. Alama ' baada ya konsonanti huonyesha kwamba konsonanti hiyo ni laini, ulimi ukiinuka kama katika “ny” ya “nyanya”. Ulaini huo si pambo: “brat” ni ndugu, na “brat'” ni kuchukua.

Kipimo cha safari

Mtihani wa Kirusi kwa wageni nchini Urusi umegawanywa katika ngazi sita: ngazi ya mwanzo, ngazi ya msingi, kisha ngazi ya kwanza hadi ya nne. Ngazi ya mwanzo inataka msamiati wa maneno 780, ya msingi maneno 1300, na ngazi ya kwanza maneno 2300. Ngazi hii ya kwanza ndiyo inayotakiwa kwa mgeni anayetaka kuanza masomo ya shahada. Mitihani yenyewe ina sehemu tano, yaani msamiati na sarufi, kusoma, kusikiliza, kuandika, na kuzungumza.

Mtu akizitazama hesabu hizi ataona kwamba safari kutoka ngazi ya mwanzo hadi ya kwanza ni kuuzidisha msamiati karibu mara tatu, na huenda akadhani kuwa dawa ni kukariri maneno zaidi. Dhana hiyo ina ukweli nusu. Katika hatua ya kwanza mwanafunzi hujifunza maumbo: jina hili lina mwisho gani, kitenzi hiki hubadilikaje pamoja na nafsi. Maumbo huweza kupangwa katika majedwali, na jedwali huweza kukaririwa usiku mtu akiwa peke yake. Katika hatua ya pili mwanafunzi huwa tayari anayo maumbo mawili au matatu yaliyo sahihi yote, na swali ni lipi litumike mahali hapa. Hakuna jedwali linalojibu swali hilo, kwa kuwa jawabu limo katika nia ya msemaji na katika mambo ambayo msikilizaji anayajua au hayajui. Nia na msikilizaji havipatikani kitabuni. Hupatikana penye watu. Hiyo ndiyo sababu tunadai kwamba darasa la pamoja, ambalo wengine huliona kuwa badala duni ya mwalimu wa mtu mmoja, ni mahali pake hasa pa hatua hii, ilimradi lipangwe kwa shabaha hiyo.

Hali ya kitenzi

Chaguo kubwa kuliko yote ni la hali ya kitenzi. Takriban kila kitenzi cha Kirusi kina mwenzake, mmoja timilifu na mwingine kisotimilifu. Kitenzi timilifu hulitazama tendo kama kitu kizima chenye kikomo. Kisotimilifu hulitazama likiendelea, au likirudiwa, au hulitaja tu kwamba lilikuwapo bila kujali mwisho wake. Uzito wa tofauti hii huonekana mara tukitazama tafsiri. “Vrach lechil bol'nogo” maana yake daktari alimtibu mgonjwa. “Vrach vylechil bol'nogo” maana yake alimponya. “On sdaval ekzamen” ni kwamba alifanya mtihani. “On sdal ekzamen” ni kwamba alifaulu. “On lovil rybu”, alikuwa akivua samaki. “On poymal rybu”, alipata samaki. Mwanafunzi wa uganga asiyeijua tofauti ya “lechil” na “vylechil” hajakosea sarufi tu. Hajui kama mgonjwa amepona.

Mifano hii inatufunza pia kwamba Kiswahili kimeitambua tofauti hiyo, ila kimeigawa kwa njia nyingine: kimeweka vitenzi viwili mbalimbali, kama kutibu na kuponya, kuvua na kupata, kutafuta na kuona. Mwanafunzi wetu, basi, si mgeni wa fikira hiyo. Taabu yake aghalabu hutoka kwenye vitabu anavyovitumia. Vingi vilivyomfikia vimeandikwa kwa ajili ya watu wa Kiingereza, navyo humfasiria Kirusi kwa njia ya Kiingereza; hivyo hubeba mzigo mara mbili. Tena huonywa juu ya mambo yasiyomtatiza, kama vile upatanisho wa sifa na jina. Mtu aliyezoea kusema “kitabu kizuri kimoja” na “miti mizuri miwili” hashangazwi na “novyy dom” na “novaya kniga”, nyumba mpya na kitabu kipya, ambapo sifa hufuata jinsia ya jina. Mambo yanayomtatiza kweli hupitwa kimya.

Tuzitazame, basi, alama za kitenzi cha Kiswahili, tuone ni wapi zinamulika na ni wapi zinazima.

Alama ya -me- humulika sana. Mswahili akisema “mgeni amekuja”, msikilizaji huelewa kuwa mgeni yupo. Akisema “mgeni alikuja”, huenda mgeni ameshakwenda zake. Kirusi husema “gost' prishyol” kwa la kwanza, kitenzi timilifu. Na “gost' prikhodil” kwa la pili, kisotimilifu, yaani alikuja na kurudi. Vivyo hivyo “ya otkryl okno” ni nimefungua dirisha, nalo li wazi. “Ya otkryval okno” ni kwamba nililifungua wakati fulani, na sasa yumkini limefungwa.

Alama ya -ka- nayo humulika. “Alikuja, akaketi, akaandika barua” ni “on prishyol, sel i napisal pis'mo”, vitenzi timilifu vitatu, kila kimoja kikimsukuma mwenziwe mbele. Hata katika makatazo -ka- hutusaidia. Katazo la kawaida katika Kirusi huchukua kitenzi kisotimilifu: “ne zakryvay dver'”, usifunge mlango. Lakini onyo la jambo ambalo mtu hakusudii kulitenda huchukua kitenzi timilifu: “ne upadi”. Kiswahili husema hapo “usije ukaanguka”. Mwanafunzi akikumbuka kwamba penye “usije uka-” Kirusi huweka kitenzi timilifu, amepata msaada ambao hautaupata katika vitabu vya Kiingereza.

Kwa upande wa pili, hu- na -ki- na -na- huelekea kwa kitenzi kisotimilifu. “Asubuhi yeye hunywa chai” ni “po utram ona p'yot chay”. “Nilipoingia alikuwa akiandika barua” ni “kogda ya voshyol, on pisal pis'mo”; kuingia ni timilifu, kuandika si timilifu.

Msaada huu usichukuliwe bila hadhari. Vitenzi vya Kiswahili vinavyoonyesha mtu kuingia katika hali fulani huitaja hali yenyewe kwa -me-: amelala, amesimama, amekaa. Kirusi hutumia hapo wakati uliopo wa kitenzi kisotimilifu: “on spit”, “on stoit”, “on sidit”. Ni pale tu tunapotaka kusema kwamba aliinuka ndipo tunapopata “on vstal”. Kwa hiyo mwanafunzi ajiulize: -me- hii inataja tendo lililokamilika, au hali iliyobaki baada yake?

Na ziko pande ambazo taa inazima kabisa, nazo ni nne: -li-, -ta-, kitenzi cha ku-, na swali la mambo yaliyopita. “Nilisoma kitabu hiki” haisemi kama msomaji alifika mwisho. Kirusi hulazimika kuchagua kati ya “chital” na “prochital”. “Kesho nitakisoma” ni “budu chitat'” ikiwa natangaza kazi nitakayokuwa nayo, na ni “prochitayu” ikiwa naahidi kukimaliza. Na umbo hili la pili humdanganya mwanafunzi, kwa kuwa mwisho wake unafanana na wa wakati uliopo. Katika kitenzi cha ku-, baada ya kuanza, kuendelea na kumaliza hutumika kisotimilifu peke yake: “nachal chitat'”, alianza kusoma. Ama swali, “Vy chitali etu knigu?” humwuliza mtu kama amewahi kukisoma kitabu hiki, “Vy prochitali etu knigu?” humwuliza kama amekwisha kukisoma, na ndani yake mna dhana kwamba alitakiwa kukisoma. Mwalimu akimwuliza mwanafunzi kwa umbo la pili, anadai kazi aliyoagiza. Mgeni akimwuliza mwenyeji wake hivyo, husikika kama mkaguzi. Hapa kosa si la masikio wala la kumbukumbu, ni kosa la adabu, na mtu hawezi kulisahihisha peke yake chumbani.

Vitenzi vya mwendo

Jambo la pili ambalo hukwamisha madarasa ni vitenzi vya mwendo. Wanasarufi hutaja jozi 14 au zaidi kidogo. Kiswahili kina “kwenda”, na mtu akipenda huongeza “kwa miguu” au “kwa gari”. Kirusi hakimwachii hiari hiyo: “idti” na “khodit'” ni kwa miguu, “ekhat'” na “ezdit'” ni kwa chombo. Kadhalika katika kuchukua: “nesti” ni kuchukua kwa mikono huku ukitembea, “vezti” ni kuchukua kwa chombo, “vesti” ni kumwongoza mtu anayetembea mwenyewe. Hata hivyo basi na treni huwa na “idti”, ingawa abiria waliomo wana “ekhat'”. Na mvua nayo katika Kirusi “inakwenda”, “dozhd' idyot”.

Ndani ya kila jozi kimoja ni cha mwendo wa upande mmoja, na kingine ni cha kwenda na kurudi, au cha desturi. Hapa tena hu- ni msaada: “nakwenda shuleni” ni “ya idu v shkolu”, na “huenda shuleni kila siku” ni “ya khozhu v shkolu kazhdyy den'”. Na “jana nilikwenda sokoni”, kwa maana nilikwenda nikarudi, ni “vchera ya khodil na rynok”. Lakini “ameenda sokoni” ni “on poshyol na rynok”.

Ugumu huzidi vinapoingia viambishi awali. Kutokana na shina moja Kirusi hupata “priyti” kufika, “uyti” kuondoka, “voyti” kuingia, “vyyti” kutoka, “pereyti” kuvuka, “podoyti” kukaribia, “zayti” kupitia mahali njiani, “proyti” kupita, na “soyti” kushuka. Mwanafunzi huyaona maneno tisa na kukata tamaa. Afadhali aelezwe kwamba Mswahili naye hufanya kazi hiyo hiyo, ila upande mwingine wa neno. Sisi husema pita, pitia, pitisha, pitishia, pitika. Hubadili kitenzi mwishoni, naye Mrusi hukibadili mwanzoni. Mwanafunzi aliyefunzwa mnyambuliko vizuri katika shule yake atakuwa na mazoea ya kuliona shina chini ya viambishi, na mazoea hayo ndiyo yatakayomfikisha kwenye maneno 2300 bila kuyakariri moja moja. Kisha aonyeshwe kanuni inayounganisha somo hili na lililotangulia: kiambishi kikipachikwa kwa kitenzi cha upande mmoja huzaa kitenzi timilifu, na kikipachikwa kwa mwenzake huzaa kisotimilifu. Hivyo “priyti” na “prikhodit'” ni jozi, “voyti” na “vkhodit'” ni jozi.

Uhusika wa majina

Kirusi kina uhusika wa namna sita. Mwanafunzi wa hatua ya pili ameshakariri miisho yake, walau ya umoja. Kilichobaki ni kuitumia bila kusita. Tofauti kubwa baina ya lugha hizi mbili ni mahali pa mzigo. Kiswahili huutwika mzigo kitenzi, Kirusi huutwika jina. Tunasema “niko nyumbani”, “nakwenda nyumbani”, “natoka nyumbani”, na jina halibadiliki hata kidogo, kwa sababu kitenzi kimeshasema yote. Kirusi hubadili jina kila mara: “v dome”, “v dom”, “iz doma”. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu: “kwa daktari” yetu moja huwa tatu, “u vracha” nikiwa kwake, “k vrachu” nikienda kwake, “ot vracha” nikitoka kwake. Si kwamba Kiswahili hakijali mambo ya mahali. Tunatofautisha nyumbani pangu, kwangu na mwangu, ufundi ambao Mrusi hana. Lakini sisi tunapima namna ya mahali, wao wanapima mwelekeo.

Vivyo hivyo katika kumtendea mtu jambo. “Nilimwandikia rafiki barua”: kitenzi chetu kimebeba -m- na -i-, na “rafiki” amebaki kama alivyo. “Ya napisal drugu pis'mo”: kitenzi hakikubadilika, bali “drug” amekuwa “drugu”. Mwanafunzi akizoea kujiuliza, “Je, katika Kiswahili ningetumia kitenzi cha kutendea?”, mara nyingi ataupata uhusika unaotakiwa. Sisemi kwamba kila tendea inalingana na uhusika huo, maana “kukatia kisu”, au “kukata kwa kisu”, ni “rezat' nozhom”, uhusika wa chombo. Hata hivyo njia ya kufikiri ni ile ile.

Namna ya kulipanga darasa

Tumeona sasa kilichomo katika kazi ya hatua ya pili. Imebaki kusema darasa la pamoja lifanyeje.

Tuanze na hesabu ya wakati. Kipindi katika vyuo vya Urusi huitwa “para”, yaani jozi, kwa kuwa ni saa mbili za masomo zenye dakika 45 kila moja, jumla dakika 90. Tuchukue darasa la watu kumi. Mwalimu akizungumza nusu ya kipindi, na nusu iliyobaki wanafunzi wakajibu mmoja mmoja, kila mmoja atakuwa amesema kwa dakika nne na nusu. Ikiwa somo lenyewe ni kusoma kwa sauti kwa zamu, basi hata dakika hizo hazina uchaguzi ndani yake, na wale tisa wanaongoja zamu wamelala macho wazi. Lakini wakigawanywa wawili wawili kwa dakika 30, kila mmoja huzungumza dakika 15, zaidi ya mara tatu ya hapo kwanza. Kanuni ya kwanza, basi, ni kwamba majedwali na msamiati ni kazi ya nyumbani, na wakati wa darasa ni wa kuchagua.

Kanuni ya pili ni kwamba zoezi liwe na kitu ambacho mmoja anakijua na mwenzake hakijui, kwa sababu hapo ndipo hali ya kitenzi inapopata maana. Mwanafunzi mmoja atoke nje. Waliobaki wafungue dirisha na kuliacha wazi, wafungue mlango kisha waufunge tena. Akirudi aambiwe yaliyotendeka, na kutokana na kitenzi na yale anayoyaona aeleze kwa nini dirisha ni “otkryli” na mlango ni “otkryvali”. Zoezi hili huchukua dakika tano, na linafundisha kuliko kurasa nyingi za maelezo. Kwa vitenzi vya mwendo watumie ramani ya mji halisi: mmoja aeleze njia aliyopita, mwenzake aichore. Aliyetaka kusema alivuka akasema alikaribia, ataona kosa lake penseli inapokwenda kusiko. Walio Moscow wana mwalimu asiyechoka katika reli ya chini ya ardhi, ambamo tangazo huwaonya abiria, “Ostorozhno, dveri zakryvayutsya”, milango inafungwa. Waulizane kwa nini kitenzi hiki hakiwezi kuwa timilifu.

Kanuni ya tatu ni kuitumia desturi ya Kirusi iitwayo “izlozheniye”. Mwalimu husoma hadithi fupi mara mbili, na wanafunzi huiandika kwa maneno yao. Katika darasa la pamoja yafaa ianze kwa mdomo: kila mmoja asimulie tendo moja, anayefuata aliendeleze. Mnyororo wa vitenzi timilifu hujengeka kama mnyororo wetu wa -ka-, na mara mtu anapoingiza kitenzi kisotimilifu hadithi husimama, nao wote husikia kuwa imesimama. Ikiwa alikusudia kueleza hali ya mambo, ni sawa. Ikiwa hakukusudia, darasa limemsahihisha bila mwalimu kufungua kinywa.

Kanuni ya nne inahusu masahihisho. Mwanafunzi anayekatizwa kwa kila kosa hunyamaza, na asiyekatizwa kamwe huzoea makosa yake hadi yanakuwa lugha yake. Yafaa mwalimu aandike makosa katika daftari la darasa, bila majina, na dakika kumi za mwisho ayaweke ubaoni ili wote wayajadili. Makosa ya uchaguzi yatangulizwe. Ya miisho yafuate. Tena yasisahauliwe makosa ya mkazo, kwa kuwa mkazo wetu hukaa daima katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache, na wa Kirusi huhamahama na kubadili maana: “zamok” yenye mkazo mwanzoni ni ngome, na yenye mkazo mwishoni ni kufuli.

Pana swali la lugha za wanafunzi. Katika vyuo vya Urusi darasa moja huweza kuwa na Mtanzania, Mwarabu na Mvietinamu, na hiyo ni bahati, kwa sababu Kirusi ndiyo lugha pekee wanayoshirikiana. Mwarabu aliyesoma nahau ya Kiarabu fasihi anaijua miisho ya majina. Mswahili anaujua upatanisho na mnyambuliko. Mvietinamu, ambaye lugha yake haina viambishi vya namna hiyo, huuliza maswali ambayo wale wawili walidhani hayahitaji kuulizwa. Kuuliza si ujinga, na swali la mmoja huwafunza tisa. Katika darasa la jioni mjini Dar es Salaam au Nairobi mambo ni kinyume: wote wana Kiswahili, na kishawishi cha kukirudia ni kikubwa. Hapo tungependekeza Kiswahili kipewe dakika zake mwanzoni mwa kipindi, kwa ulinganisho wa namna tuliyoionyesha, kisha kifungwe hadi mwisho.

Wako watakaosema kwamba kulinganisha lugha ni kuikawiza ndimi, na kwamba mtu asikie na kuiga tu kama mtoto. Jawabu letu ni kwamba mtoto ana miaka, na mwanafunzi wetu ana miezi kumi. Tena mtu mzima hulinganisha apende asipende. Hiari aliyonayo ni kulinganisha vizuri au vibaya. Wengine watasema kwamba darasa la pamoja humchelewesha mwenye bidii. Huenda ikawa hivyo katika kukariri maumbo. Katika kuchagua sivyo, kwa kuwa anayemweleza mwenzake sababu ya “prishyol” badala ya “prikhodil” ndiye anayeijua mara ya pili.

Kwa watu wa uchunguzi wa Kiswahili liko jambo moja la kuongeza. Sarufi ya Kirusi kwa Waswahili, iliyojengwa juu ya -me-, -ka-, -ki-, hu- na kutendea, ni kazi inayostahili kutungwa kwa ukamilifu, na mwenye kuitunga atalipwa mara mbili. Ataitambua nguvu ya -me- katika “amekuja” na udhaifu wake katika “amesimama”, na atalazimika kueleza kwa nini “usije ukaanguka” si sawa na “usianguke”. Maswali haya ni ya Kiswahili chenyewe. Kirusi kimeyauliza tu kwa sauti, kwa sababu hakimruhusu msemaji kupita bila kujibu. Na kijana anayekwenda kusomea uganga katika lugha hiyo anahitaji majibu yake kabla ya kusimama mbele ya mgonjwa wa kwanza.